Baasto ya Sufuria Moja

Kila aliyepita uwani kwa Fosia jioni ile aliilaumu baasto, zile tambi za nyama. Bibi aliilaumu, mtoto aliilaumu, jirani naye akainyooshea kidole juu ya ua. Na baasto yenyewe, masikini, haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa ikichemka taratibu kwenye sufuria, ikinukia kitunguu na nyanya na bizari, huku kile kilichokuwa kikinuka kweli kimelala chini ya kitanda cha watoto, kimefunikwa blanketi.

Ilikuwa Alhamisi. Fosia ni karani katika ofisi moja ya serikali pale Garissa, na kikao cha ukame kilichoanza asubuhi kilikataa kwisha. Wakubwa walizungumza juu ya njaa huku wakila sambusa, na kila mmoja alitaka kusema lile ambalo mwenzake alishalisema. Fosia alipofika nyumbani adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha kutoka na stima ilikuwa imepotea bulla nzima, mtaa wote. Mumewe, Abdihafid, mfanyabiashara wa mifugo, alikuwa njiani kutoka Takaba. Alikuwa amepiga simu alasiri kutoka Modogashe kusema kwamba angeingia baada ya isha, ana njaa, na hataki kuona mbuzi wa kuchoma. Mwanamume akikaa na mbuzi majuma mengi hurudi akidai baasto, ndivyo walivyo.

Sasa, baasto ya desturi ina masharti yake. Mchuzi hupikwa peke yake, tambi huchemshwa peke yake kwenye maji mengi, kisha yale maji ya moto humwagwa. Hapo kwenye kumwaga ndipo palipokuwa na kesi. Ayeeyo Timiro, mama yake Abdihafid na bibi ya watoto, hakutaka kusikia maji ya moto yamemwagwa uwani jua likishazama. Alisema wale wasioonekana hupita saa hiyo na watoto wao, na ukiwaunguza bila kuwaonya kwa Bismillah watalipiza kwa watoto wako. Hata ukiwaonya, afadhali usimwage. Jiko la Fosia ni kibanda cha mabati pembeni mwa ua, halina sinki wala bomba, na maji machafu yote huishia uwani. Kwa hiyo jioni ile, kwa kuchelewa kwake, hakuwa na njia ila ile aliyofundishwa na Mwalimu Caro.

Caro alikuwa mwalimu kutoka Embu, amepanga nyumba ya upande wa pili wa ua, na alikuwa na imani moja tu kuhusu upishi: vyombo vichache. Vunja tambi katikati, alisema, tupa kila kitu kwenye sufuria moja, funika, nenda ukasahihishe madaftari. Fosia alipoijaribu mara ya kwanza watoto walilamba sinia. Ayeeyo alikula ndizi tupu, akasema kwamba huo ni uji wenye nyuzi.

Kuna jambo lingine la kueleza kabla sufuria haijapata moto. Mchana wa siku hiyo, Fosia akiwa kikaoni, mtu wa pikipiki alileta mtungi mpya wa gesi. Fosia alikuwa ameuagiza kwa simu kutoka duka fulani jipya nyuma ya soko, ambako mitungi hujazwa chapuchapu na maswali hayapendwi. Ayeeyo ndiye aliyeupokea. Wezi walikuwa wameanza kuiba mitungi kwenye majiko ya nje, kwa hiyo akauviringisha hadi chumbani kwa watoto, akaulaza kwa ubavu chini ya kitanda kama anayemlaza mwanambuzi, akaufunika blanketi. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ajili ya vumbi, na mapazia yake mazito yalikuwa yameteremshwa. Ayeeyo alipikia kuni na mkaa maisha yake yote. Hakuna aliyewahi kukaa naye akamwambia kwamba gesi ina harufu, wala kwamba mtungi haulazwi. Koki ya mtungi ule ilikuwa imechoka, na tangu alasiri ilikuwa ikivuja.

Fosia hakujua hayo. Alipouliza kama mtungi umeletwa, Ayeeyo alijibu, "Umeletwa. Nimeuweka pazuri." Fosia alishukuru na hakuuliza ni pazuri wapi. Mtungi wa zamani, ule mdogo wenye meko juu yake, ulikuwa bado una gesi kidogo. Akauwasha, akavua viatu vya kazini, akaanza kukata vitunguu.

Vitunguu vilipoanza kuwa vyekundu simu ililia. Ilikuwa Hinda, binamu yake mdogo, aliyeolewa juzijuzi na Keinan na kuhamia nyumba mpya ubavuni mwa msikiti.

"Abaayo," Hinda alisema, yaani dada, kwa ile sauti ya bibi harusi ambaye bado anaona kila sufuria ni mchezo, "ile baasto yako ya sufuria moja inafanywa aje? Keinan anarudi leo mapema."

"Una nyama?"

"Ninayo ya ngamia, ya kusaga."

"Basi. Kaanga kitunguu mpaka kiwe chekundu, tia kitunguu saumu, tia nyama. Ikikauka maji tia nyanya na hawaash, bizari yako. Halafu vunja baasto katikati, iweke juu yake, mimina maji yaifunike tu, yasizidi. Chumvi. Funika, punguza moto. Usikoroge kila saa kama mtu wa ugali."

"Na maji namwaga wapi?"

"Humwagi. Baasto inayanywa yote. Hiyo ndiyo raha yake."

Hinda alicheka. Kisha akasema kwamba nyumba yake mpya ilikuwa nzuri sana ila leo ilikuwa inanuka, kama panya amekufa mahali, na ameinua kila zulia bila kumpata. "Lakini nitafukiza, nitatia uunsi, Keinan asijue. Abaayo, simu inaisha chaji, na stima hakuna—"

Simu ikakatika. Fosia akatabasamu, akavunja baasto yake, akaimiminia maji, akafunika. Kwa dakika chache alikuwa mwanamke mwenye furaha. Mume yuko njiani, chakula kiko motoni, na kiti cha plastiki kiko wazi.

Hapo uwani, upande wa pili, Ayeeyo alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko dogo la mkaa, akingoja makaa yawe mekundu. Kando yake palikuwa na dabqaad, kile chetezo cha udongo cha kufukizia, na kopo la uunsi aliouchanganya mwenyewe kwa sukari na ubani na marashi. Usiku wa kuamkia Ijumaa kila nyumba ya bulla ile hufukizwa, na nyumba inayongoja msafiri hufukizwa mara mbili. Kwa haki kazi hiyo ni ya mke. Lakini mke alikuwa amechelewa na ana sufuria, na Ayeeyo hakuacha kulitaja hilo.

"Fosia," aliita. "Hii chakula inanuka."

Aliyasema kwa Kiswahili. Nyumbani kwao walizungumza Kisomali, na Ayeeyo alikitoa Kiswahili chake, ambacho p mara nyingi iligeuka b, kwa sababu mbili tu: kununua sukuma kwa watu wa bara, na kumwaibisha Fosia mbele ya Caro, ambaye dirisha lake lilikuwa wazi.

"Haijaiva bado, Ayeeyo."

"Ikiiva itanuka zaidi. Nilikuwa huko chumba ya watoto sasa hivi, harufu yake imefika huko. Kitunguu mbichi, nyama mbichi, basta mbichi, yote unafungia ndani ya sufuria moja. Itakosaje kunuka?"

Fosia aliinua kifuniko, akainama. Ilinukia vizuri. Ilinukia vizuri kiasi kwamba tumbo lake, lililokuwa halina kitu tangu asubuhi, liliuma. Hasira ikamshika. Mama mkwe akikuchukia, alijiambia, hata maji yako ya kunywa yatakuwa na chumvi. Akafunika kwa nguvu, kifuniko kikalia.

Hapo ndipo angeweza kuuliza swali dogo tu. Kama sufuria inanukia, kinachonuka huko chumbani ni nini? Lakini mtu aliyetukanwa chakula chake hana moyo wa kuuliza, na Fosia alikuwa ametukanwa tangu siku aliyoolewa.

Mlango wa chumba cha watoto ulikuwa hatua chache tu kutoka jikoni. Nasteho, binti yake wa darasa la nne, alitoka humo akiwa na daftari na taa ya sola, akifinya macho.

"Hooyo, kichwa kinaniuma."

"Umeinamia daftari sana. Kaa hapa nje upate hewa."

"Na chumbani kunanuka. Kama mayai."

Fosia alimtazama bintiye, kisha akamtazama bibi ya bintiye, akahisi wamepanga. "Na wewe umefundishwa na Ayeeyo?"

"Wallahi, Hooyo, kunanuka. Na chini ya kitanda kuna baridi. Nilikuwa nimeegemeza mgongo, kuna kitu cha baridi kama friji, raha sana."

"Nasteho, nina kazi."

Mtoto akakaa kwenye kiti cha plastiki, akakilaza kichwa juu ya magoti. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Na Najib haamki."

"Mwache alale."

"Nilimwita ale ndizi. Nikamtikisa. Akafungua macho kidogo akayafunga."

Najib, mdogo wake, alikuwa na miaka mitatu, na hakuna ndizi iliyowahi kutajwa mbele yake ikabaki na ganda. Tena alikuwa amelala tangu alasiri, naye si mtoto wa kulala. Kitu kidogo kilimgusa Fosia kifuani, baridi, kama tone la maji shingoni. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwa yamejaa juu ya kichwa chake. Lakini alikumbuka pia jinsi Najib anavyong'ang'ania magauni yake akipika, na jinsi ua ulivyo mtulivu akiwa amelala. Akajiambia kwamba joto la mchana limemchosha.

Paka wa nyumba, ambaye kwa kawaida hulala kwenye miguu ya Najib, alitoka chumbani akitembea kama mlevi. Alivuka ua bila kuitazama hata nyama, akapita chini ya geti na kwenda zake. Ayeeyo alimwona. "Hata baka amekimbia," alisema kwa sauti.

Caro akatokeza kichwa juu ya ua, mkononi ana kalamu nyekundu. "Fosia, habari ya jioni? Samahani kuuliza, lakini kuna kitu kimeharibika huko kwenu? Naona harufu inakuja hadi kwangu."

Hiyo ilimuuma kuliko yote. Ayeeyo ni Ayeeyo, lakini Caro! Baasto ilikuwa ya Caro mwenyewe. "Ni ile baasto yako, Mwalimu," Fosia alijibu kwa ukali. "Ndiyo inanuka, wanavyosema."

"Ai, baasto? Haiwezi. Hii ni kama kabichi iliyooza."

"Basi nimepika kabichi."

Caro alimtazama, akaona si siku nzuri ya mazungumzo, akarudi ndani. Fosia alibaki akikodolea macho mvuke uliotoka pembeni mwa kifuniko. Machozi yalimlengalenga, na hakuwa tena na kitunguu cha kusingizia. Alikuwa amefanya kazi tangu asubuhi. Alitaka mtu mmoja tu aseme asante.

Ayeeyo aliinama akapuliza makaa, cheche zikaruka. "Mimi sitaki mwanangu aingie nyumba yake akute harufu hii," alisema. "Siwezi kungoja isha. Naanza kufukiza sasa. Nitaanza na chumba ya watoto, huko ndiko kunanuka zaidi."

"Fanya unavyotaka, Ayeeyo," alisema Fosia.

Ndivyo alivyosema. Alimpa ruhusa.

Ayeeyo alichukua koleo, akaanza kuchagua makaa mazuri, moja moja, akiyaweka kwenye dabqaad. Hakuwa na haraka. Kufukiza ni kazi yenye adabu zake, na kaa lenye moshi huharibu uunsi. Alilitupa moja, akatafuta lingine.

Na moto wa Fosia ukafa.

Ulirukaruka kwanza, ukawa wa samawati hafifu, ukatoa mlio mdogo, ukazimika. Mtungi wa zamani ulikuwa umekwisha na baasto ilikuwa bado inaogelea. Fosia aliufunga, akapumua. Alikuwa amechoka mno hata asiweze kukasirika.

"Ayeeyo, ule mtungi mpya uko wapi?"

"Si nimekuambia nimeuweka pazuri? Chini ya kitanda ya watoto. Hapo mwizi hafiki."

Fosia aliwasha taa ya simu, akauelekea mlango. Alikuwa bado akiifikiria baasto, akihesabu kama itavimba kabla ya kupata moto. Alisukuma mlango, akasogeza pazia, akaingia.

Harufu ilimpiga usoni kama kofi. Haikuwa baasto. Haikuwa kitunguu, wala nyama, wala kabichi, wala panya. Hewa ya chumbani ilikuwa nzito. Alisimama pale na maneno yote ya jioni ile yakamrudia kwa pamoja: inanuka, kama mayai, kichwa kinaniuma, kuna kitu cha baridi, Najib haamki.

Alipiga magoti, akafunua blanketi. Mtungi ulikuwa umelala kwa ubavu, mweupe kwa barafu nyembamba kichwani, na kutoka kwenye koki kulikuwa na sauti ndogo, kama mtu anayemnyamazisha mtoto. Aliuinua kwa mkono mmoja, na ulikuja kwa wepesi. Mtungi mzima wa gesi, ulioletwa mchana huu huu, haukuwa na uzito wa kumshinda mwanamke. Kilichokosekana ndani yake kilikuwa kimemzunguka, sakafuni, chini ya kitanda, kwenye mapazia, kwenye mapafu ya mwanawe.

Fosia hajawahi kuogopa namna ile. Alizuia pumzi, akamnyakua Najib kitandani. Kichwa cha mtoto kiliangukia begani kwake kama kitambaa. Alitoka naye mbio hadi kwenye ua unaowatenga na Caro, akamwita Nasteho, akamwita Caro, akampitisha mtoto juu ya ua mikononi mwa mwalimu. "Gesi! Amevuta gesi! Mpepee! Nasteho, ruka, nenda naye!"

Alipogeuka, kigoda cha Ayeeyo kilikuwa kitupu.

Ayeeyo alikuwa katikati ya ua. Alishika dabqaad kwa mkono wa kulia, imejaa makaa mekundu, na kwa mkono wa kushoto alikuwa akiyapepea kwa upole kwa ncha ya mtandio wake ili yasilale. Midomo yake ilikuwa ikisoma. Alikuwa akielekea mlango wa chumba cha watoto, ambao Fosia alikuwa ameuacha wazi.

"Ayeeyo, simama!"

Mwanamke mzee hakusimama.

"Ayeeyo, chumba kimejaa gesi! Ule mtungi umevuja! Ukiingia na moto nyumba italipuka!"

"Nimefukiza nyumba kabla wewe hujazaliwa," Ayeeyo alisema. Hakupaza sauti. Hasira yake ilikuwa ya siku nyingi, iliyokaa ikaiva. "Umepika chakula mbovu, sasa unasingizia mtungi. Unataka kunikataza uunsi, usiku wa Ijumaa, kwa nyumba ya mwanangu. Kesho utanikataza nini?"

Akaongeza mwendo. Kati yake na mlango palibaki kibanda cha jiko tu. Fosia aliona kwamba hangemfikia kwa wakati, na kwamba maneno yamekwisha nguvu kati yao. Walikuwa wameyatumia yote kwenye baasto. Alikimbilia jikoni, akaikamata sufuria kwa pindo za baibui yake, kifuniko kikaanguka. Ayeeyo alikuwa akipita mbele yake, karibu kugusana.

"Bismillah!" Fosia alipiga kelele, akamwaga.

Chakula chote kilikwenda. Maji ya moto, nyanya, nyama, tambi zilizovunjwa katikati, vyote vilianguka juu ya dabqaad na juu ya mkono ulioishika. Makaa yalilia. Wingu la mvuke na majivu likapanda, udongo ukapasuka, na vipande vya dabqaad vikaanguka kwenye kizingiti cha mlango. Ayeeyo alitoa sauti moja fupi. Kisha ua ukawa kimya kabisa, na katika kimya hicho waliisikia, wote wawili, kutoka chini ya kitanda: ssss.

Ayeeyo aligeuza uso polepole kuelekea mlangoni. Harufu ilikuwa ikitoka sasa, na hapakuwa tena na baasto ya kulaumiwa. Baasto ilikuwa miguuni mwake.

Fosia alichota maji ya kunywa ndooni, akaumwagia mkono wa mama mkwe wake, akachota tena. Alikuwa akilia waziwazi, akisema nisamehe, Ayeeyo, nisamehe. Caro alikuja na Najib begani, na Nasteho nyuma yake. Mtoto alikuwa ametapika kwenye nguo ya mwalimu, na sasa alikuwa analia kwa sauti ya kukera, ile ile inayomfukuza Fosia jikoni kila siku. Fosia hakuwahi kusikia kitu kitamu kama hicho.

Caro aliona sufuria, tambi, mkono mwekundu unaoanza kuvimba. "Fosia," alisema, akiwa amepigwa na butwaa. "Umemmwagia mama mkwe wako chakula cha moto?"

Ayeeyo ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili, ili asikike vizuri.

"Alisema Bismillah," alisema. "Mimi nimesikia. Alisema kwanza, ndio akamwaga."

Akamshika Fosia begani kwa ule mkono mzima, akamwegemea kwa uzito wake wote, kama mtu anayetaka kuinuka. Wakazima jiko la mkaa kwa mchanga. Caro akafunga pua kwa mtandio, akaingia akafungua dirisha, akauburuta mtungi hadi nje ya geti, mbali, kwenye mchanga wazi. Uliendelea kunong'ona huko gizani. Fosia alikaa chini na Najib mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumbani alihisi upepo. Ulileta harufu ya uunsi kutoka nyumba za jirani. Ilikuwa Alhamisi, na bulla nzima ilikuwa ikifukizwa.

"Yule mtu wa bikibiki," Ayeeyo alisema.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, mkono wake ndani ya beseni la maji, akitazama mbele.

"Nini, Ayeeyo?"

"Alikuwa na mitungi miwili. Amefunga nyuma, huku mmoja, huku mmoja. Akaniuliza njia. Mimi ndio nilimwonyesha."

"Njia ya wapi?"

Ayeeyo aligeuka akamtazama, na Fosia aliona kwamba mwanamke yule mzee, ambaye haogopi fisi wala wakwe, alikuwa ameogopa.

"Nyumba ya bibi harusi. Bale karibu na msikiti."

Kama panya amekufa mahali. Nimeinua kila zulia. Nitatia uunsi, Keinan asijue.

Fosia alipiga simu. Sauti ya mwanamke asiyejulikana ilimwambia kwamba mteja hapatikani. Alimweka Najib mikononi mwa Caro, akatoka getini akikimbia, pekupeku, baibui imelowa mchuzi, akapita mtungi uliokuwa ukinong'ona mchangani. Alikimbia katikati ya nyumba zenye giza, na kutoka kila dirisha uunsi ulimnukia, mtamu, wa sukari na marashi, harufu ya nyumba salama. Kila nyumba aliyoipita alisema moyoni, si hii, bado haijawa hii.

Nyumba ya Hinda ilikuwa na ukuta mrefu na geti jipya la bluu. Lilikuwa limefungwa kwa ndani. Fosia alilipiga kwa ngumi mbili.

"Hinda! Hinda, fungua!"

"Abaayo? Ni wewe?" Sauti ilitoka uwani, karibu kabisa, nyuma ya chuma. Ilikuwa na kicheko. "Umekuja kuonja baasto yangu? Subiri hapo kidogo, usiingie, naona haya. Panya bado ananuka. Acha kwanza nipitishe—"

Kipaza sauti cha msikiti kikawaka juu ya vichwa vyao, na adhana ya isha ikajaza anga lote. Fosia alipiga kelele. Alipiga kelele usitie, usitie, ni gesi, mpaka koo likamchanika, na yeye mwenyewe hakujisikia. Alishika juu ya geti, akatafuta pa kukanyaga, miguu yake iliyolowa mafuta ikateleza, akashika tena. Na kutoka upande wa pili wa ukuta, mbichi, ndiyo kwanza umetiwa kwenye makaa, uunsi wa Hinda ulianza kunukia.